Nyongeza Moja Tu, Ndugu Wajumbe

Merv Kleinig alipewa nafasi ya mtu mbaya katika mchezo kwa sababu ya sauti yake, na hapo hapakuwa na ubishi. Mji mzima wa Kurrawilla ulijua kwamba Merv akimkemea mwamuzi uwanjani siku ya Jumamosi, mbwa wa shamba la jirani hukimbilia chini ya tangi la maji. Kwa hiyo Glenys Hannaford, aliyesimamia posta ya mji mpaka akastaafu na tangu hapo akasimamia kila kitu kingine, alipoombwa aandae mchezo wa kuadhimisha miaka mia moja tangu wanawake wa Australia Kusini wapate kura, aliandika jina la Merv kabla hajatafuta hata ukumbi.

"Nataka uwe yule mbunge aliyewapinga wanawake," alimwambia nje ya duka la mikate.

"Kwa nini mimi?"

"Una sauti. Na hutahitaji kuigiza sana."

Merv alilichukua neno hilo kama sifa. Alikuwa mwanamume wa miaka sitini na ushee, mkulima wa ngano na kondoo kama baba yake, na mwenyekiti wa klabu ya mpira kwa muda mrefu kiasi kwamba vijana wengine waliamini hicho cheo alizaliwa nacho. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu hajawahi kukatizwa katikati ya sentensi na mtu yeyote aliyevaa viatu vya kuchezea mpira.

Hotuba yenyewe ilimkaa vizuri kuliko koti la Jumapili. Yule mbunge wa zamani, kwa jinsi Glenys alivyoiandika, anaona mswada wa kuwapa wanawake kura unakaribia kupita. Kuupinga kwa nguvu kumeshindikana. Basi anasimama, anaingiza vidole gumba kwenye mifuko ya kizibao, na kwa sauti ya asali anasema: kama tunawapa kura, kwa nini tuishie hapo? Nina nyongeza moja tu. Tuwape na viti vya bunge! Waje wakae humu ndani watuongoze! Hesabu yake ilikuwa kwamba wenzake, wakishapata picha ya sketi katika viti vile vya ngozi, wataingiwa na hofu na kuutupa mswada wote nje, kura na viti pamoja.

"Huyu mzee alikuwa na kichwa," Merv alimwambia rafiki yake Clarrie Bartsch. "Huwakuti tena wanasiasa wa namna hii."

Akaifanyia mazoezi juu ya mashine ya kuvunia, akizunguka shamba katikati ya vumbi, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine hewani. Kondoo wa upande wa pili wa uzio walimtazama. Mkewe, Avis, aliisikia jikoni kupitia dirishani mpaka naye akaijua kwa moyo, na akawa anaikamilisha huku anamenya viazi.

Kila Jumatano jioni walikutana ukumbini kwa mazoezi. Merv alivaa ndevu za sufu ya kondoo, sufu halisi, kutoka kwa kondoo wake mwenyewe, ambayo haikuoshwa vizuri na iliwapendeza nzi. Alitoa hotuba yake kwa nguvu zake zote, akavua ndevu, akavuka barabara kwenda baa, ambako bia ilikuwa baridi na hakuna mtu aliyemwambia asimame wapi.

"Mervyn, baki uone tunavyomaliza," Glenys alimwomba zaidi ya mara moja.

"Sehemu yangu imekwisha. Hizo zenu ni kelele tu za kupiga kura."

Katika mawazo ya Merv, mambo yalikuwa wazi. Ule mtego ulikuwa wa akili mno usinase. Siku ile, bila shaka, wanawake walirudi nyumbani mikono mitupu, na kura walikuja kuipata baadaye kwa njia nyingine, pengine kwa kusumbua. Ndivyo Avis alivyopata mashine ya kufulia. Tena alikumbuka vizuri kwamba wanawake wa kwanza waliingia bunge la jimbo kule Adelaide wakati yeye ameshaoa. Kama mtego ungefeli, si wangeingia palepale?

Clarrie angeweza kumsahihisha, kwa sababu yeye alibaki mpaka mwisho kila Jumatano. Lakini Clarrie alipewa nafasi ya mbunge anayelala wakati wa mjadala, na kazi hiyo aliifanya kwa uaminifu mkubwa. Mara mbili walilazimika kumtikisa ili wafunge ukumbi.

Sasa, klabu ya mpira ilikuwa na kanuni zake, na kanuni hizo zilisema mwanachama ni mwanamume. Wanawake walikuwa "wasaidizi". Msaidizi aliruhusiwa kuoka pai, kukata sandwichi, kufua jezi, kuuza tiketi za bahati nasibu na kuhudhuria mkutano mkuu. Kupiga kura hapana. Hali hiyo ingeweza kuendelea miaka mingine mingi kama si oveni.

Oveni ya klabu ilikuwa imekufa mlango tangu mwanzo wa msimu. Avis aliufunga kwa waya wa uzio. Msimu mzima wa baridi pai zilitoka zimeungua upande wa ukutani na zina barafu upande wa dirishani, na mchezaji mmoja wa timu ya wageni alivunjika jino. Wanawake waliomba oveni mpya Mei, wakaomba Juni, wakaomba tena Julai. Agosti kamati ya Merv ilikaa, ikajadili kwa uzito, ikanunua jokofu jipya la bia lenye mlango wa kioo na taa ndani.

"Linaonyesha chupa zote," Merv alimweleza mkewe kwa fahari. "Huna haja ya kufungua."

Avis alilitazama lile jokofu muda mrefu. Kisha akasema, "Taa yake nzuri," akarudi kukaza waya.

Mkutano mkuu ulifanyika Jumapili ya kwanza ya Desemba, mchana, baada ya kanisa, ngano karibu yote ikiwa imekwisha kuingia ghalani. Wanaume walijaa kwenye viti vya plastiki, feni ikisukuma joto kutoka kona moja hadi nyingine. Wanawake walikuwa nyuma ya kaunta ya jikoni, kwenye kile kidirisha cha kupitishia chakula, ambacho mkutano ukiwa unaendelea kiliachwa wazi ili chai isichelewe. Glenys peke yake alikaa upande wa huku, karibu na kidirisha, akifuma soksi.

Zilipofika hoja za wanachama, kichwa cha Avis kilitokea kidirishani.

"Mwenyekiti," alisema.

Merv akageuka. "Chai bado, mpenzi."

"Si chai. Nina hoja." Alikuwa amevaa aproni na alikuwa na unga kwenye kidevu. "Kila anayeifanyia klabu hii kazi awe mwanachama kamili na apige kura."

Feni ikasikika.

"Msaidizi hawezi kutoa hoja," Merv alisema, "mpaka mwanachama aichukue."

"Naichukua mimi," alisema nahodha wa timu, Danny Lienert, kijana mwenye shingo kama gogo. Alisimama akimtazama mama yake, aliyekuwa nyuma ya Avis na mwiko mkononi.

Merv alikuwa ameendesha mikutano mingi. Alijua kusoma nyuso kama anavyosoma mawingu. Akazipitia safu moja baada ya nyingine, na alichokiona hakikumpendeza. Vijana walikuwa wanakubali kwa vichwa. Wazee walikuwa wanayatazama mabuti yao, na mzee anayetazama buti lake mkewe akiwa yupo chumbani humo ni kura iliyokwisha kupotea. Hoja ilikuwa inapita. Kwa unywele tu, lakini inapita.

Ndipo wazo likamshukia, baridi na tamu kama bia ya kwanza baada ya mavuno. Hakuhitaji hata kulitafuta. Lilikuwa tayari mdomoni, alikwisha kulisema mara nyingi mbele ya kondoo.

Akasimama. Vidole gumba vikatafuta mifuko ya kizibao, vikakuta fulana, vikajishikiza kwenye mkanda.

"Ndugu wajumbe," alisema kwa sauti ya asali. "Nina nyongeza moja tu. Kama tunawapa kura, kwa nini tuishie hapo? Tuwape na vyeo! Kila cheo cha klabu hii kiwe wazi kwa mwanamke. Waje wakae mezani hapa, watuongoze!"

Akaketi, akakunja mikono, akangojea kicheko.

Glenys aliacha kufuma. Sindano moja ilimponyoka ikaanguka sakafuni, na hakuinama kuiokota.

"Mervyn," alisema polepole, "una hakika?"

"Glenys, sijawahi kuwa na hakika kama leo."

Avis alifungua mdomo aseme kitu. Glenys, bila kugeuka, alipeleka mkono nyuma kupitia kidirishani, akaishika kamba ya aproni ya Avis na kuivuta mara mbili. Avis akafunga mdomo.

Clarrie alikuwa amelala. Alikuwa katibu wa klabu, na daftari la kumbukumbu lilikuwa limemfunika uso. Lakini kuna maneno yanayomfikia mtu hata usingizini. Daftari likateleza.

"Mwenyekiti, ufafanuzi," alisema Clarrie. "Umesema kila cheo?"

"Kila cheo."

"Hata ukatibu?"

"Hata ukatibu!" Merv aliwageukia wajumbe na mikono wazi. "Mnaona sasa upuuzi unapotupeleka?"

Clarrie alisimama. Ukatibu huo alibebeshwa enzi zile nywele zake zikiwa nyeusi, na kila mwaka aliomba kuachia, na kila mwaka hakupatikana mwingine. "Naunga mkono nyongeza ya mwenyekiti," alisema, na sauti yake ilitetemeka kidogo.

"Na uhazini?" aliuliza mhazini.

"Na uhazini, lakini sikilizeni..."

"Naunga mkono!"

"Na kupiga chokaa uwanja alfajiri?" Huyo alikuwa Bruce, nyuma kabisa.

"Hicho si cheo, Bruce."

"Basi kifanywe cheo."

Merv aligonga kinyundo chake cha mbao, akaita kura, maana ndiyo njia pekee aliyojua ya kunyamazisha watu. Mikono ikanyanyuka kama ngano baada ya mvua. Akaihesabu. Akaihesabu tena kuanzia upande wa pili, kana kwamba idadi itapungua ikishtukizwa. Hoja ilipita pamoja na nyongeza yake, na waliopinga walikuwa wachache kiasi kwamba waliona aibu na kushusha mikono kabla hajawafikia.

"Haya," alisema Merv. "Hm."

"Ajenda inayofuata ni uchaguzi," Clarrie alisoma, akiwa macho kabisa. "Kwa ukatibu napendekeza Glenys Han..."

"Nakubali," alisema Glenys.

"Uenyekiti," aliendelea Clarrie. "Merv yupo. Kuna pendekezo lingine?"

Katika maisha yote ya Merv swali hilo lilikuwa la heshima tu, kama kumuuliza mgeni kama ameshiba. Danny Lienert akasimama tena. "Avis Kleinig."

Merv alikuwa wa kwanza kucheka. Baada ya muda akagundua kwamba anacheka peke yake. Kule kidirishani, Avis alikuwa anajifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja baada ya kingine.

"Nakubali," alisema.

Desturi ya klabu ni kwamba wagombea hutoka nje wakati wa kura. Basi Merv na mkewe walijikuta wamesimama pamoja nyuma ya jengo, kwenye kipande cha kivuli cha tangi la maji, jua likichoma bati, wakati watu waliowajua maisha yao yote wakichagua kati yao. Merv alifukuza nzi.

"Ungeniambia," alisema.

"Nilikuambia. Mei, Juni, Julai."

"Uliniambia oveni. Hukuniambia uenyekiti."

"Uenyekiti umeniambia wewe, Merv. Sasa hivi tu, mbele ya watu wote."

"Na ukishinda utafanya nini?"

"Nitanunua oveni."

"Baada ya hapo?"

Avis alifikiri. "Nitafanya ninachofanya siku zote. Kila Jumatatu unarudi na mambo ya kamati, unayalalamikia mezani. Mimi nakuambia hili lifanye hivi, lile liache. Jumanne unawapigia simu na kuwaambia umelala ukaota." Alimwondolea punje ya ngano begani. "Sikuwahi kuona vibaya. Ila lile jokofu hukuniuliza."

Merv alitaka kukasirika, maana hasira ingempa kitu cha kufanya na mikono yake. Lakini alikuwa mtu mkweli kwa namna yake, na alipopitia kumbukumbu zake kutafuta uamuzi mmoja mzuri wa klabu ambao haukuanzia kwenye meza ya jikoni, alilikuta jokofu peke yake.

Clarrie akatoa kichwa mlangoni. Alimwangalia Avis, akaliangalia tangi, akaangalia angani. Merv hakuangaliwa. "Mnaweza kuingia," alisema.

Merv alimkabidhi mkewe kinyundo kwa mkono wake mwenyewe, na alifanya hivyo vizuri, wote walikiri. Avis alimaliza ajenda zilizobaki kabla chai haijapoa. Hilo lilimuuma Merv kuliko kushindwa, kwa sababu chini yake ajenda hizo zilikuwa zinafika mpaka giza.

Wakiwa njiani kurudi shambani, Avis ndiye aliyeendesha pikapu. Walipita maghala ya ngano, wakapita kanisa, wakapita daraja la kijito kisicho na maji.

"Hivi yule mbunge," alisema Merv, akitazama nje. "Wa kwenye mchezo. Siku ile walipopiga kura ilikuwaje?"

Avis alipunguza mwendo. "Hujui?"

"Nitajuaje? Mimi natoka."

"Ilipita, Merv. Kura na viti, siku moja, kwa pamoja. Haki ya kugombea ilikuwapo tangu hapo; kuchaguliwa ndiko kulikochelewa. Mahali pengine wanawake walikuwa wanalilia kura tu, hata kugombea hakukutajwa. Sisi tulipata vyote, kwa sababu yeye alijiona mjanja." Midomo yake ilianza kumcheza. Alijitahidi, mkewe mwema alijitahidi kweli. Kisha ikabidi asimamishe gari kando ya barabara, akaweka paji la uso kwenye usukani na kucheka mpaka honi ikalia yenyewe na kasuku wakaruka mtini.

Merv alingoja amalize.

"Mjinga kweli," alisema.

"Nani, yeye?"

"Na yeye pia."

Wiki iliyofuata haikuwa na huruma. Habari ilifika Tarcunda, mji wa watani wao, kabla gari la maziwa halijafika. Pale ghalani, mpima uzani alimwongezea Merv kijiko cha sukari kwenye chai na kusema, "Nyongeza moja tu, ndugu wajumbe." Muuza mikate aliongeza kipande kimoja juu na kusema hivyohivyo. Hata mchungaji, akimaliza kumsalimia, alisita kidogo mdomo ukiwa nusu wazi, na Merv akamwambia, "Sema tu, Mchungaji, utaumwa tumbo." Mchungaji akasema.

Akaenda kwa Glenys kujitoa.

"Tafuta mwingine avae hizo ndevu," alisema. "Sitasimama mbele ya Kurrawilla nzima nikajitukana mwenyewe."

Glenys alikuwa anabandika karatasi za ukuta, moja kwa nyingine, atengeneze kwa ajili ya mchezo mfano wa lile ombi refu la saini ambalo wanawake wa enzi zile walilipeleka bungeni. Sebule yake yote ilikuwa imejaa. "Tarcunda wanakuja na basi," alisema bila kuinua kichwa. "Tumeazima viti vya kanisani. Unafikiri wanakuja kuniona mimi na karatasi za ukuta?"

"Wanakuja kunicheka."

"Ndiyo." Alipaka gundi. "Mervyn, nimekujua tangu shule. Miaka yote hii watu wamekuwa wakikusikiliza kwa sababu hawana njia ya kutokukusikiliza. Jumamosi watakuwa wamelipa."

Merv alisimama pale akiigeuza kofia mkononi. Alisema atafikiria. Glenys alimwambia asikanyage ombi wakati wa kutoka.

Jumamosi hiyo joto lilikuwa la kukaanga yai juu ya boneti. Ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa madirishani, wakijipepea kwa karatasi za ratiba. Safu ya mbele alikaa Avis katika koti la klabu, lile la mwenyekiti, lililopunguzwa mabega. Nyuma ya pazia, Merv alikuwa anatoka jasho ndani ya sufu. Nzi mmoja alikuwa ameingia kwenye ndevu na hakuonyesha nia ya kutoka.

Alipotokea jukwaani, walimpigia makofi kabla hajafungua mdomo. Hilo halijawahi kumtokea. Alisimama, akaanza. Mwanzo sauti ilikuwa ndogo, mpaka mtu wa Tarcunda akapiga kelele, "Hatusikii, mwenyekiti mstaafu!" na hapo kiburi kikamwokoa. Akaiachia sauti. Nje, mbwa alilia. Vidole gumba vikaingia kwenye kizibao, ambacho safari hii kilikuwapo.

"Waheshimiwa," alisema kwa asali yote aliyokuwa nayo. "Nina nyongeza..."

Hakumaliza. Ukumbi ulipasuka. Watu walijipiga mapaja, mama mmoja aliteleza kwenye kiti, Bruce alikuwa anafuta machozi kwa ratiba. Merv alitaka kuondoka. Kisha akaona kitu ambacho toka jukwaani kinaonekana wazi na toka uwanjani hakionekani kamwe: kwamba hawa watu walikuwa wanafurahi, na kwamba walikuwa wanafurahi kwa sababu yake, na kwamba wanamngoja. Akawaacha wacheke. Akaingiza kidole ndevuni, akamtoa nzi taratibu, akamtazama, akampuliza. Wakacheka upya. Ndipo, kimya kilipoanza kurudi, akainua kidole kimoja.

"Moja tu," alisema.

Waliohudhuria wanasema hotuba ile ilichukua muda mara mbili ya mazoezini, na hakuna aliyelalamika.

Alipomaliza, akageuka kuelekea mlango wa kando, kama kawaida yake. Mlango ulikuwa umezibwa na viti vya kanisani, na juu ya viti walikaa watu wa Tarcunda. Hakuna njia. Ikambidi arudi aketi kwenye benchi la wabunge karibu na Clarrie, ambaye alikuwa anakoroma, na kwa mara ya kwanza akaona mchezo mpaka mwisho. Aliona wanawake wakiingia na ombi lao la karatasi za ukuta, wakilifungua kutoka jukwaani, katikati ya viti, mpaka mlango mkuu, na bado lilikuwa linaendelea barabarani. Hakujua lilikuwa refu hivyo. Mama yake Danny alisoma majina machache ya kwanza, na ukumbi ambao sasa hivi ulikuwa unapiga mluzi ukatulia, maana mengine yalikuwa majina ya familia zilizokuwa zimekaa humo humo.

Kengele ikapigwa. Clarrie akaamka. Wanaokubali? Mikono. Wanaopinga?

Merv alijua anachotakiwa kufanya, na alikifanya kwa moyo wote. "HAPANA!" alinguruma, mpaka mtoto mmoja akaanza kulia na Avis akafunika uso kwa ratiba, mabega yakitikisika.

Aliyeigiza Spika akatangaza matokeo. Mswada umepita. Wanawake wakanyanyuka, makofi yakaanza, na hapo mchezo ulipaswa kuisha. Lakini Merv alikuwa bado amesimama. Alisogea mpaka ukingoni mwa jukwaa, ndevu zimening'inia sikio moja.

"Mheshimiwa Spika," alisema. "Naomba kumbukumbu zionyeshe jambo."

"Mervyn, kaa chini!" Glenys alinong'ona kutoka nyuma ya pazia, kwa mnong'ono uliofika Tarcunda. "Hayo hayamo!"

"Kumbukumbu zionyeshe kwamba kura waliipata wenyewe. Lakini viti," alijipiga kifua, na vumbi la sufu likaruka, "viti niliwapa mimi!"

Paa la bati lilibaki mahali pake kwa bahati tu.

Oveni ilifika mwezi wa tatu, kabla ya mechi ya kwanza. Ilikuwa na mlango wa kioo na taa ndani. Merv, mjumbe wa kawaida wa kamati, alipewa jukumu la kupiga chokaa uwanja, kwa kuwa Bruce alishinda kesi yake na kazi hiyo sasa ilikuwa cheo. Alilalamika kila alfajiri ya Jumamosi, kwa sauti, na mistari yake ilikuwa imenyooka kuliko ya Bruce.

Kuhusu nyongeza, hadithi ilianza kubadilika taratibu, kama uzio unavyoinama. Kwanza alisema hakuwa na uhakika sana siku ile. Baadaye akasema aliona mbali. Miaka michache ikipita, alikuwa anawaeleza wageni pale baa kwamba njia pekee ya kuwapitisha wale wazee wakaidi ilikuwa kujifanya anapinga, na kwamba siasa si mchezo wa kila mtu. Clarrie, aliyekuwa kando yake, alikuwa mara nyingi amelala.

Ikatokea siku gazeti la mkoa likamtuma binti mmoja kuandika habari za vilabu vinavyoongozwa na wanawake. Alikuwa ameshapitia baa, akaisikia hadithi ile. Alimkuta Avis uwanjani, akamuuliza, kalamu mkononi, kama ni kweli kwamba mumewe alipigania sana haki za wanawake katika klabu hii.

Avis alitazama upande wa pili wa uwanja, ambako Merv alikuwa anamkemea mwamuzi, na mwamuzi alikuwa anarudi nyuma hatua kwa hatua.

"Alipigana sana," alisema. "Andika hivyo."

Binti akaandika. Hakuuliza alikuwa upande gani.